Tukabidhiane Kazi Kabla ya Mvua

Maneno yaliyosemwa Baraka, Agosti 2024, katika mkutano mkuu wa chama chetu cha kusaidiana cha waliorudi, siku ya kubadilisha uongozi wa programu ya kujiandaa na maafa kwenye pwani ya ziwa. Wanachama wengi waliomba tuyachape, nasi tunayachapa jinsi yalivyosemwa.

 

Tumeombwa tuseme machache kwa niaba ya sisi tunaofanya kazi uwanjani, tunaoshinda barabarani na kwenye mitaa. Tunasema tukiwa tumesimama katikati ya watu wawili. Kulia ameketi muzee aliyeongoza programu hii tangu siku ya kwanza. Kushoto ameketi mama anayeipokea. Hatuna haja ya kuwataja majina. Hakuna mtu hapa asiyemjua muzee kwa firimbi yake shingoni, wala mama kwa meza yake ya ndagala sokoni.

Leo kuna karatasi ya kutia sahihi. Ndiyo ile wanayoiita maofisini remizi-reprizi. Sote tumeiona ikifanyika. Anayetoka anasoma orodha: meza moja, viti sita, muhuri mmoja, pikipiki moja mbovu. Anayeingia anatia sahihi. Picha inapigwa, soda zinafunguliwa, watu wanarudi nyumbani. Karatasi hiyo tutaisaini, kwa sababu ni lazima. Lakini tunataka kusema mbele yenu kwamba kwa kazi kama hii yetu karatasi haitoshi. Kazi ya kujiandaa na maafa haikai kwenye meza wala kwenye muhuri. Inakaa katika kichwa cha anayeongoza, katika telefone yake, na katika urafiki alioujenga kwa miaka. Vitu hivyo vitatu visipokabidhiwa, tutakuwa tumekabidhiana viti tu.

Na muda ni mfupi. Mvua kwetu inaanza Septemba, inaendelea mpaka Mei. Haitauliza kama komite mpya imeshazoea kazi.

Tuanze na habari ambayo wengi wenu mnaijua, ila haijasemwa kwa sauti katika mkutano.

Kabla ya programu hii palikuwa na mradi mwingine, wa shirika ambalo jina lake tunaliacha. Baadhi yetu tulikuwa wafanyakazi wake. Mratibu alikuwa kijana mzuri, amesoma kama sisi, mchapa kazi. Aliandika orodha ya nyumba zote za mtaa wa chini: nani kipofu, nani ana mimba, nani hawezi kutembea. Aliiandika vizuri sana, kwenye kompyuta. Namba za mashefu wa avenyu, za mwalimu mkuu, za paroko, zote zilikuwa ndani ya telefone yake. Ufunguo wa depo ulikuwa wake peke yake, kwa sababu waliotoa vitu walitaka mtu mmoja wa kujibu. Mkataba wake ukaisha mwisho wa mwezi. Tukaambiwa mwingine atafika baada ya wiki mbili.

Mto haukungoja wiki mbili. Ulikuja usiku, wiki ya kwanza.

Tulipiga telefone yake, haikupatikana. Kompyuta ilikuwa ofisini, na umeme hakuna. Ufunguo, tulikuja kujua kesho yake, ulikuwa ndani ya begi huko Bukavu, wala kijana hakuwa na nia mbaya. Aliusahau tu, kama mtu anavyosahau ufunguo. Kwa hiyo usiku ule shitingi zilikuwa kavu ndani ya depo, na watoto walikuwa wameloa nje ya depo, ukuta mmoja katikati yao. Na bibi kipofu aliyeandikwa wa kwanza kwenye orodha hakufuatwa na mtu yeyote wa mradi. Aliyemfuata ni mama huyu mnayemwona hapa kushoto. Alitoka na wanawake wenzake wa MUSO, wakapita nyumba kwa nyumba na tochi za telefone. Hawakuwa na orodha. Walijua tu, kwa sababu kila wiki wanaweka pesa pamoja katika sanduku jekundu, na mtu ambaye mnaweka naye pesa ya msiba na ugonjwa mnajua analala wapi na miguu yake ikoje.

Alfajiri vijana wawili walivunja kufuli la depo, wakatoa shitingi, wakawapa watu. Barua ya kwanza tuliyoipokea kutoka juu baada ya mafuriko yale haikuuliza ni familia ngapi zimelala nje. Iliuliza ni nani aliyevunja kufuli. Na sisi, tunakiri leo mbele ya wazazi wao, tulijibu barua ile. Tuliandika majina mawili. Vijana wakaitwa, wakasumbuliwa, familia zikatoa pesa ambayo hazikuwa nayo. Hatujawahi kuomba msamaha hadharani. Tunauomba leo.

Hatusemi haya ili tufukue kaburi. Tunasema kwa sababu usiku ule hapakukosekana vitu wala watu wenye moyo. Kilichokosekana ni makabidhiano. Kiongozi mmoja alikuwa ametoka, mwingine hajaingia, na yote tuliyoyajua yalikuwa yameondoka na mtu mmoja.

Wala hatuko peke yetu katika jambo hili. Tazameni wenzetu wa Goma. Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi wa dharura ulianza katika Kivu Kaskazini na Ituri. Wakuu raia wakatoka kwenye viti, wanajeshi na polisi wakaingia. Tarehe 22 Mei, jioni, Nyiragongo ikapasuka. Hesabuni wenyewe: siku 16. Wakuu walikuwa wapya, bado wanajua ofisi ziko wapi. Na kabla ya hapo, wataalamu wa volkano wa pale Goma walikuwa wamekaa miezi mingi bila intaneti ya kupokea habari kutoka kwenye vyombo vyao mlimani, kwa sababu pesa iliyokuwa ikiilipia ilikuwa imekatika. Mlima ukatoa moto bila onyo. Watu wengi wa Goma walijiokoa kwa kumbukumbu ya mwaka 2002, maana wale walioona moto ukipita katikati ya mji tarehe 17 Januari mwaka ule hawakungoja kuambiwa wakimbie. Amri ya kuhama ikatoka tarehe 27 Mei, kwa mitaa kumi ya mji. Hatumlaumu mtu. Wakuu wale hawakuuchagua mlima. Tunasema tu kwamba mabadiliko ya uongozi na maafa vinaweza kukutana njiani, na vikikutana, wanaoumia ni wa mtaa wa chini.

Njoo karibu zaidi, Uvira. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo zake. Watu walikufa, nyumba kwa maelfu zikaharibika. Mitambo ya maji nayo ikapigwa, bomba zikakauka, watu wakarudi kuchota ziwani na mtoni, katika mji ambao kipindupindu ni mgeni asiyetoka. Ona jinsi shida moja inavyozaa nyingine: asubuhi unatafuta shitingi, baada ya wiki unatafuta serumu. Kiongozi wa maafa ambaye hana namba ya mkubwa wa zoni ya afya amekamata nusu ya kazi tu.

Na Kalehe, tarehe 4 Mei 2023. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Watu walikuwa wamejaa kutoka vijiji vingine, hata kutoka ng'ambo ya ziwa Kivu. Maji na mawe yakashuka kutoka milimani, Nyamukubi na Bushushu. Waliokufa walipita 400. Tangu siku ile muzee wetu aliongeza ukurasa kwenye daftari lake: siku za soko za kila kijiji cha pwani. Kwa sababu orodha ya nyumba haikuambii kitu siku ya soko. Siku hiyo mtaa wa chini una watu ambao hawajawahi kusikia firimbi yetu.

Sasa tuje kwenye maneno yanayozunguka, maana tunayasikia. Kuna wanaosema: mwanamke atatokaje usiku? Tumeshawajibu, alitoka usiku ule ambao sisi wanaume wa mradi tulikuwa tunatafuta ufunguo. Kuna wanaosema: anatoka mtaa fulani, atasaidia mtaa wake kwanza. Ndiyo sababu daftari litasomwa hadharani, kila mtaa na zamu yake. Na kuna waliosema: hana diploma, hawezi kuandika ripoti. Hao, ndugu zetu, tulikuwa sisi. Ilipofika kuchagua, sisi wa uwanjani tulitaka mtu wa chuo kikuu, mtu wa kompyuta, mtu anayefanana nasi. Muzee alituacha tukasema mpaka tukachoka, halafu akatuambia neno moja: “Batoto, maji haiulize nani iko na diploma.” Tukanyamaza. Ripoti tutaandika sisi. Ndiyo kazi tuliyosomea. Kutoka usiku na kujua mlango wa kugonga, hiyo hatukufundishwa.

Basi tueleze tumepanga nini, ili mtushike kwa maneno yetu. Makabidhiano haya yataendelea miezi mitatu, mpaka mwisho wa Novemba. Muzee na mama watakwenda pamoja kila mahali. Kuna mambo matano ambayo muzee lazima ayatoe na mama lazima ayapokee.

La kwanza ni daftari. Liko la karatasi, nyumbakumi kwa nyumbakumi. Tumelinakili mara tatu kwa mkono. Moja linabaki kwa mama, la pili kwenye kituo cha afya, la tatu kwa paroko, sehemu ya juu ambako maji hayajafika. Kila miezi mitatu linasomwa upya, kwa sababu wanawake wanazaa, wazee wanakufa, watu wanahama. Daftari la mwaka jana ni daftari la mtaa mwingine.

La pili ni funguo. Depo sasa lina funguo tatu, kwa watu watatu wa mitaa mitatu, na wawili kati yao wakikubaliana wanafungua, usiku wa manane, bila kungoja sahihi ya mtu. Wanaandika kilichotoka, asubuhi wanasoma mbele ya watu. Ufunguo wa pili atashika mmoja wa vijana wale waliovunja kufuli. Tulipomwomba alicheka, akasema: “Leo munanipa ufunguo? Zamani nilifungua na jiwe.” Amekubali.

Na kwa kuwa tunasema habari ya depo: jana vitu vilihesabiwa mbele ya komite na ya wajumbe wa mitaa. Bidoni kadhaa na shitingi tatu hazikuonekana. Muzee mwenyewe ndiye aliyesema kwanza. Zilitoka usiku wa mvua za mwaka huu, watu wakaloa, na hakuna aliyeandika. Tumeliandika hilo kwenye karatasi ya makabidhiano jinsi lilivyo. Wafadhili wetu, tunaona bora mlisome hapa kutoka kwetu.

La tatu ni dalili za mto. Haya muzee anayajua kwa masikio. Mto ukianza kubadilika rangi kuwa mwekundu wakati kwetu hakuna mvua, mvua iko milimani. Ukisikia mawe yanagongana chini ya maji, kama mtu anasukuma mapipa, wakati umekwisha, ondoa watu. Na kuna dalili moja ambayo inawadanganya wengi: mvua inanyesha kwa nguvu, halafu ghafla maji ya mto yanapungua. Watu wanasema, Mungu asifiwe, yameshuka. Hapana. Mara nyingi maana yake mlima umeporomoka huko juu ukaziba njia, maji yanajikusanya nyuma ya udongo, na yatakapovunja yatakuja yote kwa mara moja. Siku hiyo ndiyo ya firimbi tatu. Mama ataamka na muzee usiku wa mvua za kwanza, watakaa pamoja mtoni, mpaka masikio yake nayo yajue.

Na ziwa tusilisahau. Mto unakuja usiku mmoja. Ziwa linapanda polepole na linakaa miezi. Tanganyika inapokea maji kutoka pande nyingi, Rusizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka Tanzania, na mito mingi midogo, lakini mto wa kutoa maji nje ni mmoja tu, Lukuga, huko Kalemie. Mvua zikiwa nyingi kuliko kawaida, miaka ikifuatana, maji hayana pa kwenda haraka. Tuliliona mwaka 2021, na mwaka huu wa 2024 tumeliona tena, Kavimvira na bandari ya Kalundu zikiingiliwa. Kwa ziwa hatupigi firimbi. Kwa ziwa tunakaa na mashefu na wenye viwanja wakati wa kiangazi, tunakubaliana nani atahamia wapi na choo kitachimbwa wapi. Ndiyo kazi isiyopigwa picha, na ndiyo kiongozi mpya anayoweza kuiacha kwa urahisi kwa sababu hakuna anayeilalamikia mpaka maji yaingie.

La nne ni mapatano ya mdomo. Paroko alikubali kufungua ukumbi. Mwalimu mkuu alikubali kutoa madarasa mawili, kwa sharti kwamba madawati yasichomwe kuni. Wenye mitumbwi walikubali kubeba watu bure usiku wa kwanza. Hakuna hata moja lililoandikwa. Yalikubaliwa na muzee, kwa jina lake na mvi zake. Kwa hiyo mwezi huu na ujao muzee atampeleka mama kwa kila mmoja wao, wakae, wanywe chai, na mapatano yasemwe upya mbele yake. Mtu aliyempa muzee neno hajampa mama neno, mpaka aseme.

La tano ni gumu kuliko yote. Ni watu wa milimani. Mnajua programu hii inashika pwani na milima, kwa sababu maji yanayotuua huku yanaanzia kule. Huko juu tuna watu wanaoangalia mto na kutupigia telefone. Wengine wao ni wa makabila ambayo sisi wa pwani tumegombana nayo, tumekimbiana, tumezikana. Hatutafunika hilo kwa maneno matamu. Mmoja wao anapiga telefone kila mvua kubwa, hajakosa. Tulimuuliza muzee zamani, kwa nini yule anatupigia? Akasema: mtoto wake aliugua, nikampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali. Basi. Onyo la mtaa mzima wa chini linaning'inia kwenye uzi huo. Ule mtu hafanyi kazi na programu, anafanya kazi na muzee. Muzee akiondoka bila kumpandisha mama mlimani, bila kusema, “Huyu ni dada yangu, umpigie kama ulivyonipigia,” basi mvua itakayokuja telefone haitalia. Na hatutajua kwamba haikulia, mpaka tusikie mawe.

Safari hiyo imepangwa kabla ya mwezi kuisha. Mama amesema atapanda na mfuko wa ndagala, haendi kwa watu mikono mitupu.

Ndugu zetu wanachama, sasa tunageukia kwenu. Wengi wetu tulikulia au tulizeekea Lugufu na Nyarugusu. Mnakumbuka kambini: kiongozi wa kijiji alibadilishwa, mwingine akachaguliwa, kelele zikawa nyingi, lakini foleni ya chakula haikusimama. Kwa nini? Kwa sababu kadi ilikuwa mkononi mwa kila familia, si mfukoni mwa kiongozi. Na tuliporudi, kuanzia mwaka 2005, tukapanda meli ya Mwongozo pale Kigoma na kushuka hapa Baraka, kila familia ilishuka na karatasi yake. Hatukumpa mtu mmoja karatasi zetu zote. Basi mambo ya maafa nayo tuyashike hivyo. Firimbi moja ndefu: jiandae, vaa, funga karatasi na dawa kwenye plastiki. Firimbi tatu: panda juu sasa hivi, acha sufuria. Kila mtoto ajue. Kila nyumba ijue jirani wa kumbeba ni nani. Hapo kiongozi akifa, akihama, akichoka, mtaa unabaki na kadi yake mkononi.

Na sanduku jekundu mliongeze. Ni franka kidogo kwa wiki, tunajua hata hizo ni ngumu. Lakini ndiyo pesa pekee iliyo karibu kuliko mto.

Marafiki wetu mnaotusaidia kutoka mbali, tunawashukuru, na tunawaomba mambo matatu. Kwanza, miezi hii mitatu mlipie viongozi wawili, si mmoja. Kwenye bajeti inaonekana kama hasara, watu wawili kwa kiti kimoja. Ukweli ni kwamba ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote mnazoweza kununua. Pili, msikate pesa katikati, mkataba mmoja ukiisha na mwingine bado kuja, hasa ikiwa katikati hiyo inaangukia kwenye mvua. Kama lazima kukata, kateni Juni. Tatu, mkija kututembelea, msimwulize mratibu kama programu inatembea. Kila mratibu atawaambia inatembea. Simamisheni mtoto yeyote wa shule njiani, mwulizeni firimbi tatu maana yake nini. Akijua, pesa yenu imefika. Asipojua, tuulizeni sisi.

Tumalize na wale wawili.

Muzee wetu, umechoka, na una haki ya kuchoka. Miaka yote hii mvua ikinyesha usiku ulikuwa hulali. Mke wako alituambia kwamba hata wakati wa kiangazi unaamka unakwenda mlangoni kusikiliza. Tunakushukuru. Lakini hatukuachii uende kupumzika bado. Mpaka Novemba iishe, kila jina, kila njia, kila ugomvi unaoujua, yote uyatoe. Hata yale ya aibu, nani hasemi na nani, nani alikula sabuni ya msaada, mpe mama ajue. Na baada ya hapo tunakuomba jambo lililo gumu kuliko hayo yote: watu watakapokuja kwako usiku, kwa mazoea, uwaambie waende kwa mama.

Mama, hatukuahidi kwamba watu watakutii mara moja. Mvua ya kwanza wengine watangoja firimbi ya muzee. Utakosea, utatoa watu nje usiku ambao mto hautakuja, na asubuhi watakusema sokoni, watakataa kununua ndagala yako. Wakikusema, sisi tutasimama nawe, na tutasema hadharani kwamba heri watu walolale nje bure mara kumi kuliko wazikwe mara moja. Safari hii, kukija barua ya kuuliza nani alivunja nini, itajibiwa kwa jina moja: sisi wote.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Karatasi iko pale mezani, kalamu iko pale. Sahihi ya kwanza ni ya muzee, ya pili ni ya mama. Tumeomba ya tatu iwe ya yule kijana wa ufunguo, na mwenyekiti amekubali.

Tutoke hapa twende mtoni, maji yangali chini, mama aonyeshwe jiwe la alama.